Orodha ya mizigo ya familia: daftari, simu, bango la kabatini, au kila mtu na yake?

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Juni, stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Basi la Njombe limeshawashwa, konda anasukumia mabegi kwenye buti. "Baba watoto, sweta ziko begi gani?" Nikatoa karatasi mfukoni bila wasiwasi. Palikuwa pameandikwa "Sweta 3", na mbele yake tiki nene ya wino wa bluu. Tiki ilikuwepo, sweta hazikuwepo. Zilikuwa bado kwenye kamba ya nguo uani kwetu, zinalowa umande. Usiku uliotangulia, nilipoweka ile tiki, nilimaanisha kwamba sweta tunazo na zimefuliwa. Begini hazikuwahi kufika.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni mpaka Agosti ndiyo miezi yake ya baridi. Tuliposhuka jioni watoto walikuwa wamejitanda kanga za mama yao. Bibi yao akawaangalia kwanza, ndipo akasalimia. "Kamwene wajukuu zangu. Hivi mlikuwa mnakuja kwangu au mnakwenda Bagamoyo?"

Tangu hapo nimejaribu njia nne za kuandika na kutumia orodha ya safari, kila moja kwa safari zisizopungua mbili. Tuko watano: sisi wawili na watoto watatu. Wa mwisho alianza safari hizi akiwa wa nepi, sasa yuko darasa la pili. Kila njia imeniokoa mahali na kuniangusha mahali pengine, kwa hiyo ukitafuta hapa njia moja ya kumfaa kila mtu hutaipata.

Kuna pia njia ya tano isiyo na karatasi, nayo ni kichwa cha mama mwenye nyumba. Siidharau. Mke wangu kwa kichwa chake husahau vitu vichache kuliko mimi na makaratasi yangu. Shida ni kwamba kichwa hakiazimishwi. Kuna safari alitangulia siku mbili kwa ajili ya msiba, mimi na watoto tukabaki tunampigia simu kila dakika kumi kumuuliza chupa ya chai ni ipi na sindano ya kutolea miba iko wapi. Hiyo naiacha nje ya ulinganisho.

## Ninachopimia

Watu wengi huhukumu orodha kwa urefu wake au kwa uzuri wa mpangilio. Mimi nauliza maswali matano.

La kwanza, tiki ina maana gani? "Tunacho", "nimekitoa kabatini" na "kimeingia na zipu imefungwa" ni mambo matatu tofauti, na njia nyingine hukuruhusu kuyachanganya kirahisi kuliko nyingine. La pili, nani anaweza kuishika: wewe peke yako, au hata dada wa kazi, bibi na mtoto wa miaka tisa? La tatu, inahimilije saa ya mwisho, maana miswaki, chaja, miwani ya baba na maziwa ya mtoto vinatumika mpaka dakika ya kutoka mlangoni. La nne, inasaidia kurudi? Na la tano, inakumbuka makosa ya safari iliyopita?

Gharama sikuiweka. Njia zote nne ni za bei ya soda.

## Daftari

Nazungumzia daftari la shule, moja tu, la safari zote. Karatasi ya kuchana ndiyo iliyonipeleka Njombe bila sweta.

Tiki. Hapa daftari linashinda kama utakubali kuwa na alama mbili. Mimi naweka nukta kitu kikifika kitandani, na tiki kikishaingia begini. Usiku wa kuamkia safari unapitisha macho: kila palipo na nukta pekee pana kazi haijaisha. Ingekuwa hivyo mwaka ule, sweta zingebaki na mstari mtupu, maana hazikuwa hata zimeanuliwa.

Nani anashika. Yeyote anayejua kusoma, mradi mwandiko usomeke. Kwetu mtoto wa kwanza husimama mlangoni na daftari anaita, "Taulo!", wengine wanajibu, "Ipo!", naye haweki tiki mpaka aione. Huyo ni mkali kuliko afisa forodha. Daftari halina neno la siri wala halizimi chaji, na umeme ukikatika usiku unaliwashia tochi.

Saa ya mwisho. Tenga ukurasa wa nyuma uandike ASUBUHI, uorodheshe vile tu vinavyotumika mpaka mwisho. Wetu una mistari tisa. Ukurasa huo tunauacha wazi juu ya meza ya chakula, na funguo za nyumba juu yake, ili mtu asifunge mlango bila kuupita.

Kurudi. Ni dhaifu. Daftari husahaulika nyumbani, na likisafiri linajikuta chini kabisa ya begi lililo chini kabisa ya buti.

Kumbukumbu. Hapa ndipo lilipo hasa. Siku ya pili baada ya kurudi, kabla nguo hazijafuliwa zote, naandika chini ya orodha mambo mawili: vilivyokosekana na visivyoguswa. Mfano wa kurasa zangu: "Viatu vya kanisani jozi 2, havikuvaliwa, walikwenda na raba." "Maziwa ya kopo yaliisha siku ya tatu." "Dawa ya kichefuchefu apewe mapema kama alivyosema mfamasia, tusingoje tufike Kitonga." Aliyepanda zile kona za mlima Kitonga, njia ya Iringa, na mtoto mwenye tumbo jepesi anaelewa mstari huo ulivyogharimu.

Mstari mwingine unasema, "Ndoo ndogo yenye mfuniko." Zamani nguo iliyotapikiwa au nepi ya njiani tuliifunga kwenye rambo, imeisha hiyo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara, na mfuko mbadala unavuja. Ndoo ya lita mbili au tatu iliyowahi kuwa na siagi au rangi ya maji, ikaoshwa vizuri, inakaa miguuni pako safari nzima wala haikusumbui.

Daftari linamfaa mtu mwenye nyumba yenye watu wengi wa kusaidia na safari zisizofanana. Halimfai anayejijua kwamba hapendi kuandika upya, kwa sababu orodha inayoanza upya kila mara husahau upya.

## Simu

Hapa kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kuna ujumbe mrefu kwenye kundi la WhatsApp la familia, na kuna orodha yenye visanduku vya kuweka alama kwenye programu ya noti, kama Google Keep, ambayo watu wawili wanaifungua na kuiona ileile.

Ujumbe wa WhatsApp kwa kufungia mizigo haunishawishi. Unatumwa saa mbili usiku, saa tatu umeshafunikwa na picha za harusi na "amina" ishirini. Unaweza kuubandika juu ya kundi usipotee, hata kwa siku 30, lakini bado hauonyeshi kipi kimeshafungwa. Watu wanajibu "nimeweka" bila kusema wameweka nini.

Orodha ya pamoja ni jambo jingine. Mmoja yuko Kariakoo ananunua soksi, mwingine yuko nyumbani anafunga. Alama ikiwekwa huku inaonekana kule. Kwa wazazi wanaorudi nyumbani saa mbili usiku, na safari ni kesho, hakuna kinachoikaribia.

Tiki ndiyo ugonjwa wake. Kidole kinateleza kirahisi mno. Mke wangu aliwahi kuweka alama akiwa kwenye daladala: miswaki, taulo, mizula ya watoto, vyote "vipo". Alikuwa anaviona kwa macho ya akili, vimekaa kabatini. Tulikubaliana baada ya hapo kwamba hakuna kuweka alama kama begi haliko mbele yako. Sheria hiyo tunaivunja kila safari.

Nani anashika ni nyinyi wawili tu. Watoto wetu hawana simu, dada anayo ya kitochi. Na saa ya mwisho simu ina kazi nyingine: unapiga kwa mwenye bajaji aliyesema yuko njiani, unatafuta ujumbe wa tiketi, chaji iko asilimia 30 na safari ni ya kutwa nzima.

Kurudi, lakini, simu haina mpinzani. Haiachwi nyumbani. Unaondoa alama zote kwa mara moja na kuanza upya kule kule, na ukiwa ulipiga picha ya kila begi likiwa wazi kabla ya kulifunga, unajua kilichokuja na kinachotakiwa kurudi. Picha hiyo ilinirudishia kikapu cha mama mkwe wangu, ambacho nilikuwa nimekipakia nikidhani ni chetu.

Kumbukumbu ipo, ila inanenepa. Kuongeza mstari ni rahisi, hakuna anayefuta. Ya kwetu ilifika mistari 94, mingine nikiwa nimeinakili kwenye mtandao usiku nikiwa sina usingizi. Orodha hizo za kunakili zimeandikwa na nani sijui, lakini hakika si mtu anayekwenda kwa mama mkwe. Zina kofia ya kuogelea na mto wa shingo, hazina kilo tano za sukari, sabuni za mche, mafuta ya kupikia na doti ya kanga. Wala hazijui kwamba mzigo wa kurudi si ule wa kwenda. Sukari inabaki, badala yake unapewa debe la viazi, parachichi kwenye kiroba na mahindi mabichi, na ole wako ukatae. Sasa orodha yetu ya simu ina sehemu inayoitwa KURUDI, na mstari wake wa kwanza ni "shangazi kaja 1, tupu, likunjwe chini ya sanduku." Lile begi la mistari lilitusaidia kuliko kitu chochote nilichowahi kununua kwa ajili ya safari.

Simu inawafaa wazazi wawili wenye kazi, wenye watoto wadogo wasioweza kusaidia, na wale wanaosafiri kwa makundi kutoka nyumba tofauti. Mmoja yuko Dodoma, mwingine Tanga, mnakutana Unguja kwa Idi: hapo karatasi haina la kufanya.

## Bango la kabatini

Hili ni orodha ya kudumu, karatasi moja ya A4. Unaichapa au unaiandika kwa mkono, unaipeleka kwenye duka la stesheneri wanaipiga laminesheni, kisha unaibandika ndani ya mlango wa kabati. Unaweka alama kwa maka peni ya ubao mweupe. Ukirudi unafuta kwa kitambaa. Angalia usichukue maka peni ya kudumu kama nilivyofanya mimi, ukaishia kusugua kwa spiriti.

Yetu ina sehemu nne: KILA SAFARI, BARIDI, PWANI, KIJIJINI. Ukienda Njombe unafuata ya kwanza, ya pili na ya nne. Ukienda Zanzibar, ya kwanza na ya tatu. Chini ya KIJIJINI kuna tochi, kandambili za bafuni, chandarua na pakiti za ORS, na kando yake nimeandika kabisa "pakiti 1 = maji safi lita 1", kwa sababu usiku wa manane mtoto akiharisha hakuna anayekumbuka kipimo.

Alama zake ni za kuaminika kwa sababu ya mahali ilipo: umesimama mbele ya kabati, nguo ziko mkononi. Mtu yeyote wa nyumbani anaiona, na watoto wanaizoea mpaka wanaikariri. Saa ya mwisho inategemea kama utakumbuka kurudi chumbani kuitazama, mimi sikumbuki. Kwa kurudi haina msaada wowote, iko Dar na wewe uko Njombe, labda uwe umeipiga picha.

Kuhusu kumbukumbu, bango lina tabia ya mzee: linakumbuka yote, halijui kwamba mambo yamebadilika. Letu liliendelea kusema "nepi 12" mwaka mzima baada ya mtoto kuacha nepi, na halikuwa na neno kuhusu dawa ya pumu ya wa pili kwa sababu lilipoandikwa hakuwa na pumu. Lichapishwe upya kila mwaka, Desemba shule zikifungwa.

Linaifaa familia yenye safari zilezile, wale wa nyumbani kila Desemba na kila Juni. Kama safari zako ni moja kwa miaka mitatu, bango litakuwa pambo.

## Kila mtu na orodha yake

Kuanzia miaka sita hivi mtoto anaweza kuwa na karatasi yake na begi lake la mgongoni. Asiyejua kusoma anachora. Wa mwisho wetu alichora kandambili, mswaki, na kitu chenye miguu minne ambacho mpaka leo anasisitiza ni suruali.

Tiki za watoto ni za kweli kuliko zetu; mtoto akisema ameweka, ameweka. Tatizo ni alichoweka. Safari ya kwanza ya njia hii tulibeba Njombe miwani ya kuogelea, mpira uliopasuka na nguo za ndani mbili kwa siku kumi. Dawa yake ni kuandika idadi, si jina tu: "soksi jozi 5", na mtu mzima afungue begi jioni, mwenye begi akiwepo, bila kumkaripia.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwa vitu vya wote. Tulifika na miswaki mitano, dawa ya mswaki hakuna. Kila mmoja aliamini iko kwa mwenzake. Chaja, dawa, sabuni, pasi ya nguo, kadi za bima, vyote hivi havina mwenyewe vikigawanywa kwa watu. Lazima pawe na orodha ya sita, ya NYUMBA, na jina la mtu mmoja juu yake.

Wakati wa kurudi ndipo niliipenda. Mtoto mwenye karatasi yake alikusanya vyake bila kuulizwa, akamdai binamu yake soksi. Na kumbukumbu yake ni baridi yenyewe: aliyesahau mzula mwaka jana hakuusahau mwaka huu.

Njia hii inahitaji muda. Anza siku tatu kabla. Kwa safari ya ghafla ya msiba usiijaribu, utafunga mwenyewe huku unawapigia kelele.

## Vitu vyenye tarehe

Hapa njia zote nne zinafeli sawasawa, kwa sababu zinashughulika na vitu vinavyoingia begini, na kuna mambo yanayotakiwa wiki kadhaa kabla ya begi. Pasi ya kusafiria ya kila mtoto kama mnavuka mpaka, na muda wake uliobaki. Chanjo ya homa ya manjano kwa nchi zinazoitaka: cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, baada ya hapo ni cha maisha. Dawa za mwenye kisukari, presha au pumu, za kutosha siku za safari na siku chache za ziada. Nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kadi ya kliniki ya mtoto mchanga.

Andika hivi juu kabisa, popote unapoandika, na mbele ya kila kimoja uweke tarehe badala ya kisanduku.

## Kwa hali yako

Kama una mtoto wa chini ya miaka miwili na mnasafiri kwa basi, ningetumia daftari, na orodha fupi ya pili ya begi la miguuni peke yake: nepi, nguo za kubadilisha za mtoto *na za aliyembeba*, maji, kanga mbili, ndoo yenye mfuniko. Kilichoko kwenye buti hukioni mpaka mwisho wa safari.

Kama mnapanda ndege, simu, kwa sababu kilo ndizo zinazoamua na utakuwa unahamisha vitu kutoka begi hili kwenda lile mpaka usiku. Pima sanduku kwa mzani wa nyumbani: jipime wewe, kisha jipime ukiwa umelibeba, utoe. Pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, haiingii kwenye sanduku la chini ya ndege. Kwa safari za kimataifa vimiminika vya mkononi kwa kawaida haviruhusiwi kuzidi mililita 100 kwa chupa, kwa hiyo asali na mafuta ya nazi ya kupelekea ndugu Muscat au London yaandikwe upande wa sanduku kubwa.

Mzazi uliye peke yako na watoto wawili watatu wanaojua kusoma, bango pamoja na karatasi za watoto vitakupunguzia kazi kuliko programu yoyote. Huna mtu wa kushirikiana naye orodha ya simu.

Kama nyumba yako ina bibi au dada ambaye ndiye hasa anayefunga, muulize yeye anataka ipi. Mimi nilikaa wiki nzima nikipanga mistari kwenye simu, na dada akafunga kila kitu Ijumaa mchana nikiwa kazini, bila kusahau hata kimoja.

Na kwa mtoto wa bweni, shule imeshakupa orodha kwenye fomu ya kujiunga; usiandike nyingine. Itoe nakala mbili, moja ibaki na wewe, moja uigandishe kwa gundi ndani ya mfuniko wa tranka ili mtoto aitumie anapofunga kurudi likizo. La kwetu lilirudi na vitu vyote, isipokuwa kijiko.